Ng'ombe Anayekonyeza

Jumatatu, 8 Septemba

Ogola, Mkuu wetu wa Mifumo, ametuacha. Amepata kazi kwenye mitambo ya mvuke kule Olkaria. Leo amekabidhi funguo, kikombe chake na kile kiti chake cha ofisi cha kuzunguka. Kiti nimekivuta kwenye meza yangu kabla mwenzangu Jepkemei hajarudi kutoka kunawa mikono. Mwanzo mzuri!

Baadaye Madam Wangare, meneja wetu, ametuita sisi wawili. Amesema Ushirika wa Maziwa wa Mteremko unahitaji Mkuu wa Mifumo, na atamchagua kati yangu na Jepkemei kabla mwezi haujaisha. Amesema ataangalia kazi ya kila mmoja. Nimemwambia ya kwangu ataiona hata bila miwani. Jepkemei amesema sawa, Madam. Sawa tu! Huyo hana moto kabisa.

Nimekaa kwenye kiti kipya na kumfikiria mpinzani wangu. Shida yake ni moja: kazi yake haionekani. Kila jioni ananakili barua pepe zote za ofisi kwenye diski, halafu anaifungia diski kwenye kabati ya Madam. Hakuna mtu amewahi kumpigia makofi kwa hilo. Mimi nitafanya kitu cha kuonekana.

Kwa mfano seva ya barua pepe. Ndiyo roho ya ofisi hii. Wanunuzi wote wanaagiza maziwa kwa barua pepe, na Micah wa usafiri hatumi lori hata moja bila kusoma oda asubuhi. Na bado seva imewekwa nyuma ya stoo, karibu na magunia ya chakula cha ng'ombe, kama mtu aliyekosea. Ogola aliibandikia karatasi: USIWEKE KITU HAPA. Miaka yote nilidhani ni kuhusu vikombe vya chai. Jepkemei anasema ni kuhusu programu.

Ogola alikuwa mwoga. Ndiyo maana ameishia kwa mvuke.

Jumanne, 9 Septemba

Nimepata! Kuna programu inayotia picha chini ya kila barua pepe inayotoka. Unachagua picha, rangi na maneno, halafu seva inafanya mengine yenyewe. Nimechagua ng'ombe wa Friesian aliyesimama kwenye majani mabichi. Anakonyeza jicho. Chini yake: KUNYWA MAZIWA, UISHI MIAKA MINGI! Kujaribu ni bure.

Kwa ukarimu wangu nimemwonyesha Jepkemei. Hakucheka hata kidogo. Ameuliza ni nani aliyeitengeneza. Nikasema ni kampuni. Ameuliza kampuni iko wapi. Nikasema iko kwenye intaneti. Ameuliza kwa nini programu ya picha inataka ruhusa ya kusoma barua zote za ofisi. Nikamuuliza utatiaje picha kwenye barua bila kuisoma. Hapo nikajua nimemweza.

Halafu akasema niijaribu kwanza kwenye ile kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza. Akaongeza kwamba wale waliotuuzia seva hawatatusaidia siku ikileta shida wakikuta ndani yake kuna programu ngeni. Na akamalizia hivi: "Hiram, hiyo seva ni kama tangi la maziwa. Mtu haingii kwenye tangi ati kwa sababu miguu yake ni misafi."

Wivu. Miguu yangu ni misafi sana.

Jumatano, 10 Septemba

Jepkemei ametumwa Molo kurekebisha printa. Mungu hupanga.

Programu imeingia bila shida. Iliuliza maswali marefu kwa Kiingereza cha mawakili, nikayajibu yote kwa kukubali. Iliomba nizime seva na kuiwasha tena. Nimefanya hivyo wakati wa chakula cha mchana, na hakuna aliyejua isipokuwa Micah, ambaye alikuja kuuliza kama stima imepotea. Nimemwambia ni maendeleo.

Saa nane ng'ombe alitoka kwenye barua ya kwanza. Akakonyeza! Madam Wangare amekuja mwenyewe mpaka mezani kwangu. Amesema ni smati. Hilo ndilo neno alilotumia. Ameuliza ni nani aliyefikiria, nami nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu, huku nikijionyesha kwa kidole.

Jepkemei amerudi jioni, akaiona barua, akanitazama kwa muda. Kisha akaenda kunakili barua zake kwenye diski. Pole yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbaya.

Mzee Kipyegon ametutoka. Alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa ushirika, na hata jengo hili ni yeye aliyeweka jiwe la msingi. Madam Wangare ameandika barua ya rambirambi kwa familia. Barua nzuri sana, yenye mstari wa Zaburi. Ameituma kwa mjane, kwa watoto na kwa wanakamati wote.

Chini ya Zaburi, ng'ombe akakonyeza. KUNYWA MAZIWA, UISHI MIAKA MINGI!

Mtoto mkubwa wa marehemu alipiga simu. Sikusikia alichosema, lakini niliona Madam akisimama, akikaa, halafu akisimama tena. Baadaye alichukua leso na ufunguo wa gari, akaenda Njoro kuomba msamaha yeye mwenyewe. Alipopita mezani kwangu alisema neno moja: "Toa."

Nimejaribu kutoa. Nilipoiondoa programu, seva ilikataa kutuma barua yoyote. Nilipoirudisha, barua zilitoka, na ng'ombe pia, tena akiwa mkubwa zaidi. Nimewaandikia wenye programu. Barua yangu imerudi ikisema anwani hiyo haipo. Ajabu, kampuni kubwa hivyo!

Mwishowe nimepata njia. Picha imegoma kutoka, lakini maneno yanabadilika. Nimeandika POLENI KWA YOTE. Sasa hakuna atakayeudhika.

Ijumaa, 12 Septemba

Hoteli moja ya Naivasha imepokea bei ya mtindi ikiwa na POLENI KWA YOTE na ng'ombe anayekonyeza. Wamepiga simu kuuliza kama mifugo wetu wamepatwa na ugonjwa. Nimewahakikishia hakuna ugonjwa. Wakauliza basi ni pole ya nini. Ni swali gumu ukiulizwa ghafla.

Tena seva imekuwa nzito. Barua ya kutoka meza hii kwenda meza ile inachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Micah amekuja akaegemea mlango. "Niaje boss. Kama ni hivi, si mimi niende na lori nichukue hiyo barua?" Watu wa usafiri hawana adabu.

Jepkemei ameketi kando yangu. Hakupiga kelele. Amesema programu yangu inafungua kila barua, inaipeleka nje kwa watu tusiowajua, halafu ndipo inaituma. Amesema tuizime seva leo jioni, tuirudishe ilivyokuwa Jumanne kwa ile diski yake, na twende kwa Madam pamoja kumweleza. Amesema pamoja, kana kwamba na yeye alikuwemo. Nimeona mtego hapo. Mkuu wa Mifumo haanzi kazi kwa kueleza.

Nimemwomba aniachie mpaka Jumatatu. Akasema sawa, Jumatatu asubuhi, lakini nisiguse kitu chochote. Leo pia amenakili barua zake, akafunga kabati, akanitakia wikendi njema.

Mtu mzuri. Ndiyo maana hawezi kuwa bosi.

Jumamosi, 13 Septemba

Sikugusa kitu. Nimesafisha tu. Kusafisha si kugusa.

Kuna programu nyingine, ya kufagia kompyuta nzito. Hii pia ni ya bure, na ina nyota nyingi. Nimekuja ofisini peke yangu, mji wa Nakuru umetulia, vumbi tu barabarani. Nimeiweka kwenye seva nikaiambia itafute takataka. Mama yangu! Takataka zimejaa seva karibu nzima. Maelfu ya faili zenye majina ya nambari tupu, hata hazina maana. Ogola alikuwa akikaa na uchafu huu miaka yote, halafu ananiandikia mimi karatasi.

Nimebonyeza Safisha Yote. Ufagio wa kijani ukapita mara kadhaa. Mwisho ukaandika: KOMPYUTA YAKO SASA IKO HURU.

Nimefunga ofisi nikaenda kula nyama. Nimeketi mahali naona mlima wa Menengai vizuri. Nimeanza kuwaza rangi ya pazia la ofisi yangu mpya.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisa. Mhubiri amefundisha juu ya msimamizi mwaminifu. Nimeinua mkono wakati wa ushuhuda nikasema Bwana amenisaidia kazini. Wamepiga makofi. Jepkemei anasali kanisa lingine, bahati mbaya.

Mama amenipigia jioni kutoka Elburgon. Ng'ombe wake Karembo amezaa wiki jana na sasa anakamuliwa vizuri. Mama anapeleka maziwa kwenye tangi la ushirika kila asubuhi, anajivunia kwamba mtoto wake yuko ofisi kubwa. Nimemwambia asubiri, kuna habari njema inakuja.

Jumatatu, 15 Septemba

Seva imekufa.

Nimeandika hilo polepole ili nilisome tena. Imekufa. Inawaka taa, inavuma, lakini barua hazifunguki. Hakuna hata moja. Skrini inasema inatafuta faili ambazo hazipo.

Jepkemei ameangalia kidogo tu. Ameuliza faili za kumbukumbu ziko wapi. Nikauliza zipi. Akasema zile zenye majina ya nambari. Nikamweleza juu ya ufagio.

Hakunitukana. Alifumba macho, akayafumbua, akanifafanulia kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kila barua inayoingia, seva huiandika kwanza kwenye zile faili, ndipo iipeleke kwenye ghala lake kubwa. Kufuta faili hizo ni kama kumnyang'anya karani karatasi akiwa katikati ya kuandika. Sasa ghala halijui liliishia wapi, limejifunga.

Amewapigia waliotuuzia seva. Swali lao la kwanza: je, kuna programu ngeni ndani? Amesema ziko mbili. Wamesema poleni, tuziondoe kwanza ndipo tuwapigie tena.

Wakati huo Micah amesimama uani na madereva wake. Hana oda hata moja. Kiwanda kinachonunua maziwa yetu mengi hubadilisha oda mwisho wa wiki, na huandika barua moja tu. Hajui apeleke malori wapi. Hata utani ameacha. Amesema tu, "Boss, matangi ya Elburgon yalijaa jana. Lori lisipotoka sasa, maziwa ya asubuhi hayana pa kuingia."

Nimekumbuka kuna programu ya tatu, inayofufua faili zilizofutwa. Nilikuwa nimeshaanza kuipakua Jepkemei alipoiondoa kibodi mbele yangu, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Hiram. Shika simu. Pigia wanunuzi wote, mmoja mmoja, uulize wanataka maziwa kiasi gani. Mwambie Micah. Usirudi huku."

Nimepiga. Hospitali, shule, hoteli, kiwanda. Wengine walinikaripia, wengine walicheka, yule wa Naivasha aliniambia poleni kwa yote. Kila nikipata oda nakimbia uani kumwambia Micah, naye anatuma lori. Kufikia saa sita yote yalikuwa barabarani. Lakini lile la Elburgon lilitoka kwa kuchelewa sana.

Halafu Mama akapiga.

Amesema leo tangi lilikuwa limejaa. Wakulima wamerudishwa langoni na madebe yao. Yeye ametembea na maziwa mpaka kule na kurudi nayo. Mengine amempa ndama, mengine amegawia majirani, mengine ameyaweka yagande. Ameambiwa ni mashine ya Nakuru imeharibika. Akauliza kama mimi ni mmoja wa wanaoitengeneza.

Nimesema ndiyo, Mama, tunaitengeneza.

Akasema Mungu awabariki mikono.

Nimetoka nje, nikafungua mfereji, nikanawa uso. Maji yalikuwa baridi. Nimekaa hapo kidogo kabla ya kurudi kwenye simu.

Jumanne, 16 Septemba

Barua zimerudi. Jepkemei ameifuta seva yote, akaijenga upya, akarudisha kila kitu kutoka kwenye diski ya Ijumaa. Programu zangu mbili hazipo. Ng'ombe hayupo. Kila barua inatoka nyeupe na tupu kama shuka la hospitali.

Zilizoingia kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu zimepotea kabisa. Amewaandikia wanunuzi wote akiwaomba watume tena. Wengi wametuma. Shule moja ya bweni ya kule Bahati imesema haina haja. Iliuliza Jumamosi kama tunaweza kuipelekea maziwa muhula mzima, haikujibiwa, imechukua ya watu wengine.

Hilo Jepkemei amelisema taratibu, bila kunitazama. Ningependa angenitazama.

Jumatano, 17 Septemba

Kikao ofisini kwa Madam. Nilijiandaa vizuri. Nilikuwa nimechagua maneno yasiyo na mwenyewe.

Madam ameuliza nini kilitokea. Nikasema kuna programu iliwekwa.

"Iliwekwa na nani?"

Na mtu mwenye nia njema, nikasema. Kisha kukawa na usafi uliofanyika.

"Uliofanywa na nani?"

Nikatazama dirisha. Jepkemei ndiye aliyejibu. Amesema ni Hiram, alionywa, na akaendelea. Nikahisi masikio yanawaka. Halafu akaongeza kwamba ni Hiram huyo huyo aliyepigia wanunuzi wote simu siku ile, na bila hivyo malori yasingetoka kabisa. Sikutegemea hilo. Sijui nilitie kwenye hesabu ya marafiki au ya maadui.

Madam amemtangaza Jepkemei Mkuu wa Mifumo hapo hapo. Mimi natumwa Olenguruone, kutunza kompyuta ya mizani pale kituo cha kupokea maziwa. Amesema hewa ya kule ni safi na mashine ni moja tu.

Kabla ya hapo nina kazi moja. Kesho niende Elburgon na Micah, nisimame mbele ya wakulima, niwaambie kwa nini maziwa yao yalirudishwa.

Nimeomba niwaandikie barua pepe. Madam hakucheka.

Alhamisi, 18 Septemba

Elburgon. Baridi, na harufu ya mbao mbichi kutoka kwenye viwanda. Wakulima wamejipanga karibu na tangi, wengi ni akina mama. Mama yangu nyuma kabisa, na kofia yake ya sufu.

Nilianza kwa kueleza kwamba seva ilisafishwa kupita kiasi. Hawakuelewa. Nikasema kulikuwa na changamoto za kimfumo. Mama mmoja mwenye gambuti za mpira akaniuliza, bila hasira, "Kijana, na sisi tungewaambia ng'ombe wangoje?"

Hapo nikaacha mambo ya mfumo. Nikajikuta nikisema, "Ni mimi niliyeharibu. Niliweka vitu kwenye mashine nikiambiwa nisiweke." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Hayakuwa kwenye mpango.

Walinung'unika kidogo. Mzee mmoja akasema angalau huyu amekuja, wengine hutuma tangazo. Kisha wakaendelea kupima maziwa, maana hayangoji mtu.

Nilienda na Mama nyumbani, Micah akabaki kwenye lori. Akaleta kibuyu akanimiminia kikombe. Maziwa mala, yaliyoganda, mazito.

"Ni yale ya Jumatatu," akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa makali, na mazuri. Alinisimamia mpaka nikamaliza, akanijazia tena. Baadaye akaniuliza kama kule Olenguruone nina sweta. Nikasema sina. Akaingia ndani akaniletea la marehemu Baba.

Njiani kurudi Micah hakunitania hata mara moja. Nimeapa moyoni kubadilika. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, 22 Septemba

Olenguruone. Ukungu mpaka saa tatu. Sweta limenikaa vizuri.

Kituo ni kidogo. Karani anaitwa Cheptoo, dada mchangamfu, anajua jina la kila mkulima. Amenionyesha kompyuta ya mizani. Ni ya zamani, ina kifuniko cha kitambaa alichoshona mwenyewe. Mkulima anaweka debe, mashine inaandika uzito, basi. Cheptoo anasema tangu aanze kazi haijawahi kulala hata siku moja.

Nimeizunguka nikiitazama. Nimeona kasoro mara moja: haisemi kitu! Mkulima anaweka maziwa na hakuna anayemshukuru. Hapo ndipo wengine wanakosea. Barua pepe ni kitu kigumu, nakubali, na pale nilikuwa na haraka. Lakini mizani ni mizani tu.

Kuna programu inayotamka uzito kwa sauti, halafu inampigia mkulima kinanda. Niliiona usiku wa jana kwenye simu. Hii ni tofauti kabisa na zile nyingine. Imetengenezwa na kampuni ambayo ina hata picha ya jengo lao.

Cheptoo ameuliza kama Jepkemei anajua. Nimemwambia Mkuu wa Mifumo ana mambo makubwa, tusimsumbue kwa vitu vidogo. Ameuliza kama si afadhali tungojee wakulima wapime kwanza. Nimemwomba anitafutie chai.

Chai ilipofika, programu ilikuwa imeingia asilimia arobaini na skrini ya mizani imekuwa nyeusi. Foleni ya madebe imefika mpaka langoni. Nimefungua dirisha nikawaambia ni dakika tano tu.